Jogoo wa Pili: Shajara ya Chama cha Hadithi, Likoni, Mombasa

Jumamosi, 3 Mei

Wamekuja watoto 17. Nilitarajia 10 na madaftari nilinunua 12, kwa hiyo watano wameandika kwenye karatasi nilizozichana katikati ya daftari langu la maandalio. Darasa tulilopewa ni lile la mwisho, lisilo na vioo madirishani. Saa zetu ni saa 8 hadi saa 10 alasiri, watoto wakishatoka madrasa na kula. Ni wa Gredi ya 4 hadi ya 6, miaka 9 hadi 12, wote wa hapa Likoni isipokuwa wawili wanaotembea kutoka Mtongwe. Lengo nimeliandika ubaoni ili nisije nikalikana: kufikia mwisho wa muhula kila mmoja awe na hadithi moja fupi ya kubuni, iliyokunjwa kuwa kijitabu chenye jina lake juu.

Kazi ya leo ilikuwa ya kupimana tu. Andikeni hadithi ya jambo ambalo halijapata kutokea duniani. Dakika 40. Hizo dakika zimenitoka mdomoni zenyewe. Ndizo zilizokuwa za karatasi ya insha ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na ingawa mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023, mwili wangu bado unazihesabu bila saa.

Usiku nimesoma zote, chai ikapoa mezani. Hadithi 11 zimeanza na jogoo au jua. "Jogoo wa kwanza alipowika nilirauka." "Jua lilikuwa limechomoza kutoka matlai na kutandaza miale yake ya dhahabu." Mmoja ameandika kwamba jua lilichomoza magharibi, nikafurahi, nikadhani huyu ameanza kubuni. Nimeangalia vizuri, kumbe amekosea tu. Watoto saba wametimua mbio kama swara aliyeponyoka taya za simba. Watano wametokwa na machozi njia mbili mbili. Sita wamegutuka mwishoni wakakuta kumbe ilikuwa ndoto. Wanne wamefunga na asiyesikia la mkuu, na katika hadithi tatu kati ya hizo guu limevunjika kwelikweli, hospitali na plasta juu.

Na jambo lisilopata kutokea duniani ni lipi? Ajali ya matatu. Wezi waliovamia nyumba. Siku ya michezo shuleni.

Ninachoshangaa ni kwamba watoto hawa nawajua. Nimewasikia mapumzikoni wakibishana kuhusu chunusi, yule jini wa majini, anayekaa chini ya kivuko, kwamba ana miguu au hana, kwamba huwavuta wale tu wasiolipa madeni ya mabuyu. Huyo chunusi hakuingia darasani leo. Kaachwa nje pamoja na ndara.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua ya mwaka imetushika. Sita tu ndio waliofika, wamelowa, na mabati yalipiga kelele hata kuandika kukawa hakuna maana kwa kuwa nisingesikika nikitoa maelezo. Tumesogeza madawati tukakaa karibu karibu tukasimuliana. Paukwa! Pakawa! Sahani! Ya mchele! Giza! La mwizi! Hapo sauti zao zilishinda mvua.

Mmoja, ambaye bibi yake anatoka Tanga, akasema kwao hawaanzi hivyo. Kwao msimulizi hutaja hadithi, na watu humjibu: hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Wakaipenda, wakaiimba mara nne.

Ndipo binti wa Gredi ya 5, yule mkimya anayekaa penye dirisha, akauliza: "Mwalimu, kwa nini twauita uwongo uje? Uwongo si dhambi?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Huyu mtoto asubuhi yuko madrasa, anafundishwa kwamba ulimi wake utaulizwa. Mchana anakuja kwangu namwambia atunge jambo ambalo halikutokea. Nimemwambia sina jibu la haraka, nitauliza. Lakini nimeanza kuona kwa nini hadithi za wiki iliyopita zilijaa ajali na wezi. Ajali ni kweli. Hakuna atakayekuuliza umeitoa wapi.

Jumamosi, 17 Mei

Siku mbaya, na kosa ni langu.

Nilikuja nimepanga. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa MARUFUKU, na chini yake orodha: jogoo wa kwanza, miale ya jua, swara na simba, machozi njia mbili mbili, kumbe ilikuwa ndoto, methali ya kufungia. Nikawaambia leo tunaandika bila hivi vyote.

Kimya. Kijana mmoja akauliza kwa adabu kabisa: "Sasa Mwalimu, asubuhi tuiiteje?" Nikamwambia aiite apendavyo. Akainama akaandika, na alichoandika ni hiki, nakinukuu chote: "Nilitoka. Nikaenda dukani. Nikanunua sukari. Nikarudi." Wengine walifanana naye. Mtoto wa Gredi ya 4 amefuta mpaka karatasi ikatoboka.

Nimerudi nyumbani nimenuna, nikaketi nikayafikiria haya maneno niliyoyapiga marufuku. Mtoto anayeandika machozi njia mbili mbili si mvivu. Ameyapata darasani, ameyakariri, na kila alipoyatumia kalamu nyekundu ilimwekea alama ya vyema pembeni. Kwa miaka mingi kalamu hiyo ilikuwa yangu. Tulikuwa tukihesabu tamathali kama muuza samaki anavyohesabu vibua kwenye fungu, halafu tunaandika alama juu ya 40: 31, 33. Hayo ndiyo mapambo pekee waliyopewa. Leo nimewavua nisiwape mengine, kisha nikashangaa wanaona haya.

Jumamosi, 24 Mei

Leo nitaandika kirefu.

Nilifika bila mpango. Orodha ya marufuku ilikuwa bado ubaoni, hakuna aliyeifuta wiki nzima, hata darasa linalotumia chumba hiki siku za kazi liliipisha likaandika pembeni. Kabla sijasema neno, yule binti wa dirishani akainua mkono.

"Mwalimu, jogoo wa kwanza amekatazwa. Wa pili je?"

Alikuwa anatafuta upenyo tu, kama mtu anayeuliza mlinzi kama mlango wa nyuma nao umefungwa. Darasa likaangua kicheko. Nami nikauliza, bila kujua ninafungua nini: kwani huyo wa pili ni nani?

Basi hapakutulia. Ni ndugu yake yule wa kwanza. Ni mdogo wake. Ana sauti nzuri kuliko wa kwanza lakini hachelewi makusudi, ni kwamba usingizi wake ni mzito. Anawika watu washaamka, kwa hiyo hakuna amshukuruye. Hakuna insha hata moja iliyowahi kumtaja. Hapo kijana wa nyuma akasema kwa sauti nzito: "Maskini ya Mungu."

Nikaifuta MARUFUKU. Maneno nikayaacha, na mbele ya kila mojawapo nikaweka alama ya kuuliza. Swara aliyeponyoka: alikimbilia wapi? Jina lake nani? Machozi njia mbili mbili: njia zenyewe zinakwenda wapi? Miale ya dhahabu: nani aliipima? Asiyesikia la mkuu: mkuu alisema nini hasa? Chagua moja, andika.

Dakika 40 zilipita nikasahau kuziita. Nanukuu vipande vitatu, kwa ruhusa ya wenyewe.

Wa kwanza, Gredi ya 6: "Swara alichoka. Kila Ijumaa wanafunzi wa shule zote humtoa kwenye taya za simba na kumkimbiza mpaka kengele ilie. Simba naye alichoka, meno yalikuwa yanamuuma kwa sababu kila wakati anaponyokwa."

Wa pili, Gredi ya 4: "Machozi yangu yalishika njia mbili. Jicho la kulia ndilo la kulia. La kushoto lilikuwa linatazama kama mama ameona."

Hiyo nimeisoma mara tatu. Miaka 9. Ameona Kiswahili kimeweka mkono na kilio katika neno moja, na hakufundishwa na mtu. Nilipomuuliza kama alifanya makusudi, aliniangalia kama ninayeuliza kama maji yana maji.

Wa tatu ni wa binti mwenyewe: "Jogoo wa pili alikuwa na kazi ngumu. Kazi yake ilikuwa kungoja."

Mistari miwili tu kwa dakika zote hizo. Sikumharakisha.

Kwa kumbukumbu ya mwalimu mwenzangu atakayesoma hapa: maswali niliyozunguka nayo kati ya madawati ni matatu, na sikuhitaji mengine. Huyu ni nani? Leo anataka nini? Nani hataki akipate? Lile la tatu ndilo lililofanya kazi kubwa. Bila ya yule asiyetaka, mtoto hukueleza tu mhusika alivyo mpaka karatasi iishe.

Jumamosi, 31 Mei

Ugomvi wa ngeli, nao ni wa kukumbukwa.

Kijana mmoja anaandika kuhusu feri. Feri yake imechoka. Inakaa baharini lakini haijapata kusafiri: kutoka huku hadi kisiwani, kutoka kisiwani hadi huku, dakika chache, watu wanashuka, wanapanda. Na meli kubwa zikiingia bandari ya Kilindini, yeye ndiye husimama kuzipisha. Leo anasoma mbele ya wenzake: "Feri alikasirika."

Mikono mitano ikapanda. Ilikasirika! Feri ni I-ZI!

Wana haki. Kitabu cha sarufi kinasema hivyo na mimi mwenyewe nimewakata watu alama kwa hilo. Kijana akajitetea: "Lakini huyu anaongea." Mwingine akamjibu kuwa hata redio inaongea. Hapo nikaona nikae chini niwasikilize. Wakataja sungura, wakataja fisi. Hao ni A-WA tangu hapo, hawasaidii. Mmoja akakumbuka ngano ya bibi yake ambamo jua na upepo hushindana, na bibi husema "Upepo akavuma." Basi, likaulizwa, bibi hajui ngeli? Bibi anajua.

Uamuzi walioufikia, nimeunakili ubaoni: kitu kikipata roho kinahamia A-WA, na kikiipoteza kinarudi kwao.

Kijana wa feri akaichukua kanuni hiyo akaenda nayo mbali kuliko nilivyotegemea. Katika hadithi yake sasa hakuna abiria ajuaye kama feri ana roho. Kwa hiyo watu wanasema "Feri imeharibika," na msimulizi anasema "Feri amechoka." Ni hivyo hivyo mpaka mwisho, watu upande mmoja na msimulizi upande wa pili, na msomaji katikati. Mimi nilipitia chuo cha ualimu na sijawahi kuona ngeli ikibeba hadithi mgongoni.

Nilitaka pia kugusa -ka-, akaenda akaona akarudi, maana wapo wanaoitundika kwenye kila kitenzi kama nguo kwenye kamba. Muda ukaisha.

Jumamosi, 7 Juni

Hakuna kikao, Idi ya Mfunguo Tatu. Nilikwenda kutoa mkono wa Idi kwa jirani na huko nikamkuta maalim anayewasomesha wengi wa watoto wangu. Nikamweleza swali la binti.

Alicheka mpaka kofia ikasogea. Akasema: "Mwanangu, mwongo ni yule anayekuuzia ng'ombe asiye naye. Wewe umesimama mlangoni ukasema uwongo njoo, watu wakaingia kwa hiari yao. Umemwibia nani?" Halafu akanihadithia kisa cha Abunuwasi kirefu, na pilau ikatukuta bado yuko katikati.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemfikishia binti jawabu. Akalifikiria. "Kwa hiyo ni lazima tuseme mwanzoni?" Nikasema nadhani ndivyo maalim anavyoona. Akafungua daftari lake ukurasa wa kwanza, juu ya kichwa cha hadithi akaandika kwa wino: Uwongo njoo. Akapiga mstari chini yake kwa rula. Hadi saa 10 watoto wengine tisa walikuwa wameshamuiga.

Leo nilikuja na mfuko wa vitu: ndara moja ya kushoto niliyoiokota ufukweni Shelly, ufunguo wenye kutu, kombe la baharini, betri ya redio, kifuniko cha sufuria, kitana. Zoezi lenyewe nimeliazima. Mwandishi wa watoto wa Italia, Gianni Rodari, ambaye mwaka 1972 alikaa na walimu wa mji wa Reggio Emilia wakizungumzia namna hadithi zinavyotungwa, alishauri uchukue maneno mawili yasiyo na udugu, uyalazimishe kukaa pamoja. Mfano wake ni mbwa na kabati. Peke yake mbwa hana hadithi na kabati halina. Ukiwaweka pamoja lazima kitu kitokee.

Kwa Kiswahili zoezi hili lina raha yake, kwa sababu kinachobadilika ni kale kaneno ka katikati. Ndara ya ufunguo. Ufunguo wa ndara. Ndara yenye ufunguo. Ufunguo ndani ya ndara. Ndara bila ufunguo. Kila kimoja ni kisa tofauti. Wale wa Gredi ya 4 walifurahi sana, wakatunga kwa mdomo zaidi ya visa 20 kwa kupokezana.

Kuandika, hapana. Waliochukua kalamu walitoa ajabu juu ya ajabu, ndara inaruka, kitana kinameza mji, betri inaoa, na hakuna anayetaka lolote wala anayezuiwa. Nilipouliza swali la tatu waliniona ninaharibu sherehe. Hili ni zoezi la kuchangamsha akili, dakika kumi, halafu unaweka mfuko chini ya meza. Sikulijua hilo saa 8. Saa 10 nililijua. Mmoja tu ndiye aliyetoka na hadithi: ndara ya kushoto inayotembea ufukweni ikimuuliza kila kombe kama amemwona ndugu yake wa kulia. Hiyo itafika mbali.

Jumamosi, 21 Juni

Mzazi amenijia. Ni mama anayekaanga viazi karai karibu na feri, mwanawe ni mmoja wa wanne wa Gredi ya 6. Alisimama mlangoni, tukasalimiana, akaniambia bila kuzunguka: "Mwalimu, huyu zamani alikuwa akiandika methali. Sasa haandiki. Na sijaona amepata ngapi juu ya 40."

Sikumlaumu. Yeye na mimi tumetoka shule moja, kama si jengo basi kalamu nyekundu. Kumweleza mtaala mpya wa umilisi, CBC, mlangoni kungetuchosha wote wawili, kwa hiyo nikamwomba aketi dakika tano amsikilize mwanawe. Hadithi yenyewe ni ya karai linalosikia siri zote za wanaosubiri viazi. Mama akasikiliza amekunja mikono. Mtoto alipofika "mafuta yalipopata moto karai likalia shwaaa," mama akamkatiza.

"Sivyo. Shwaa ni kiazi kikiingia. Mafuta yakiwa tayari hayalii, hunyamaza. Kabla ya hapo ndipo hulia, ti-ti-ti, kama mtu anayehesabu pesa."

Darasa likageuka likamtazama yeye. Wakamuuliza sauti ya mafuta yaliyoungua, sauti ya mwiko, sauti ya kiazi kibichi kikichotwa mapema. Alijibu yote. Tulikuwa tumejifunza tanakali za sauti kama orodha: anguka majini chubwi, anguka mchangani tifu, anguka chini pu. Huyu mama alitoa za kwake papo hapo, na kila moja ilikuwa na kazi. Mwanawe anaandika mbio mbio, kichwa chini.

Alipoondoka alikuwa bado hajaniambia kama ameridhika. Alisema tu kwamba Jumamosi ijayo mafuta yakipoa mapema atapita.

Jumamosi, 28 Juni

Likizo fupi ya katikati ya muhula. Nimepumzika.

Jumamosi, 5 Julai

Kuandika upya. Nililiogopa zoezi hili kuliko yote, kwa sababu mtoto wa hapa akiambiwa aandike upya anaelewa jambo moja: amefeli. Kalamu nyekundu nimeiacha nyumbani kwa makusudi.

Tumefanya hivi. Mwandishi anasoma, wengine macho chini. Asiyeelewa anainua mkono, hasemi, mwandishi anaweka nukta ya penseli pale mkono ulipopanda. Akimaliza, watu watatu wanamuuliza swali mojamoja. Haruhusiwi kujibu kwa mdomo. Jibu liende kwenye karatasi. Kanuni hii ya mwisho ndiyo iliyotuokoa. Nusu ya hadithi ya mtoto iko kichwani, naye hajui kama hakuitoa.

Suala la ndoto limezuka tena. Mwenye hadithi ya swara alifika mwishoni, akasoma kwa haya: "Akagutuka, kumbe ilikuwa ndoto." Darasa likaguna. Nami nikakaza uso, nikajizuia kusema lolote. Mmoja akamuuliza kwa kebehi: "Nani aliyekuwa anaota?" Yeye akabaki ameduwaa, halafu nikaona uso wake unafunguka. Akainama akaandika, nasi tukangoja. Sasa inaishia hivi: "Swara aligutuka. Hapakuwa na simba. Kumbe ilikuwa ndoto, aliota yeye ni sentensi katika daftari la mtoto wa Likoni, na mtoto hajui amalizie vipi."

Nimekula kiapo kwamba sitapiga kitu marufuku tena.

Kuna kijana ambaye tangu Mei hajaandika zaidi ya jina lake na tarehe. Si mkaidi. Herufi zinamkimbia, b na d kwake ni ndugu wasiojulikana tofauti. Mdomoni ni fundi. Yule chunusi wa madeni ya mabuyu ni wake. Leo nilimkalisha pembeni nikamwambia asimulie, mimi niandike. Nilijaribu kumnyoosha mara moja, aliposema "Wenda wapi we? Ndoo hapa!" nikaandika "Unaenda wapi wewe? Njoo hapa!" Alipoona ninachelewa akauliza nimeandika nini. Nikamsomea. Akatikisa kichwa: "Chunusi hasemi hivyo. Huyo ni mwalimu."

Nimefuta. Katika mazungumzo ya wahusika chunusi atasema Kimvita chake, lahaja ya hapa Mombasa, abiria wa bara watasema chao, na msimulizi atatumia sanifu. Kanuni hii nayo imeandikwa ubaoni, ya pili baada ya ile ya ngeli.

Binti wa dirishani ana kurasa tatu sasa na amekwama. Jogoo wa kwanza katika hadithi yake atachinjwa, wageni wanakuja kutoka Lunga Lunga na hakuna nyama. Tatizo, alinieleza kwa sauti ya chini kabisa, ni kwamba wa kwanza akiondoka wa pili anakuwa wa kwanza. "Na akiwa wa kwanza, Mwalimu, hadithi imepoteza jina." Tena wageni wakirudi, kisu kitamkuta yeye. Wenzake walimpa njia nyingi: awatoroshe wote wawili, amlete jogoo wa tatu, wageni wawe hawali kuku. Alizisikiliza zote kwa heshima, hakuchukua hata moja.

Jumamosi, 12 Julai

Kunakili kwa mkono safi. Hakuna la kusema ila kwamba vichongeo viwili havitoshi watoto 15.

Jumamosi, 19 Julai

Vijitabu. Karatasi moja ya A4 hutoa kurasa 8: ikunje mara tatu, ifungue, ikunje nusu kwa upana, kata katikati kwa mkasi kutoka kwenye mkunjo hadi nusu ya njia, ifungue tena, ikunje kwa urefu, isukume pande mbili mpaka itoke kama msalaba, ifunge. Haihitaji steplaa. Kwa kuwa maandishi yote yanakaa upande mmoja wa karatasi, kutoa kopi ni ukurasa mmoja kwa kijitabu kizima, na dukani hapa hiyo ni shilingi 5. Wenye hadithi ndefu wametumia karatasi mbili. Jalada ni ukurasa wa kwanza, na juu ya kila jalada, bila mimi kuagiza, yameandikwa yale maneno mawili ya mlangoni.

Hesabu. Walioanza 17. Mmoja amehamia Ukunda, mmoja amechaguliwa timu ya mpira na mechi ni Jumamosi. Waliobaki 15, waliomaliza 14. Kijana wa chunusi ni kati ya hao 14: maandishi ni yangu, lakini kichwa cha hadithi amekiandika mwenyewe, na d zote zimeangalia anakotaka yeye. Tumetoa kopi tatu za kila kijitabu, moja ya mwandishi, moja ya sanduku la darasa, moja ya kubadilishana. Mama wa viazi karai amechukua ya nne kwa pesa zake na amesema ataitundika kibandani, ila wateja wasiishike kwa mikono ya mafuta.

Kwa muhula wa tatu, unaoanza 25 Agosti, nahitaji vichongeo, rimu moja ya karatasi, na hadithi za kuwasomea. Nitachapa kadhaa kutoka African Storybook, mkusanyo wa hadithi za watoto ulioko mtandaoni, maana leseni yake ni huria. Mfuko wa vitu nitauleta kwa dakika kumi tu. Ile -ka- bado sijaifundisha.

Asiyemaliza ni binti wa dirishani. Alisoma alipofikia, amesimama, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo:

"Alfajiri ile jogoo wa pili alisimama juu ya banda akamngoja wa kwanza awike. Akangoja. Akangoja."

Akafunga daftari. Wenzake wakapiga kelele, halafu? Akasema hajui. Nikamuuliza pembeni, baadaye, kama anataka tukae pamoja tutafute mwisho. "Hapana, Mwalimu," akasema. "Bado anangoja."

Nimempa karatasi mbili za kwenda nazo likizo.